Godoro la Bi Pimbi na Saumu ya Bwana Nyati

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakajaa nini?
— Pakajaa pumzi!
— Pumzi ya nani?
— Ya aliyejivuna!
— Ikatokea wapi?
— Tuongoze, tukaone!

Haya, kaeni vizuri. Mwenye mto aegemee, asiye na mto amwegemee jirani yake, na aliyekuja kulala alale sasa hivi, asije akatukoromea penye utamu. Kila nitakapowauliza, "Pumzi imo?" mtanijibu kwa kadiri mnavyoona.

Hapo kale, zama ambazo wanyama walisafiri kwa mizigo na kwa adabu, palikuwa na mlima uitwao Kirurumo. Aliyetaka kuuvuka alilala njiani mara tatu: Kituo cha Matete, Kituo cha Ukungu, na Kituo cha Barafu. Vituo viwili vya kwanza ni vya kulala tu. Cha tatu ni cha kulala na kuamka, na hilo la pili halikuwa la kila mtu. Jiwe la Kituo cha Barafu humfyonza mnyama joto lake lote. Pimbi akijilaza juu yake bila kitu cha kumtenga nalo, hulala kwa utulivu mkubwa kabisa, hata jua la asubuhi halimsumbui tena.

Basi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, alikuwa na safari ya kuuvuka mlima huo. Dada yake aliyekaa ng'ambo alikuwa amejifungua mapacha, akamletea salamu: "Dada, ukikosa arobaini ya wanangu, usinitambue tena." Na Bi Pimbi alikuwa na godoro.

Halikuwa godoro la sufi, wala la pamba, wala la nyasi. Lilikuwa godoro la pumzi. Ukilipulizia, huinuka kama mkate wa mofa tanurini. Ukilitoa pumzi, hulala kama chapati. Kichwani lilikuwa na kizibo kimoja, kidogo kama kifungo cha kanzu, na mfuko wake haukuzidi kinu cha kutwangia vitunguu saumu.

Alilipataje? Liliachwa mlimani na msafiri mmoja wa kibinadamu, msomi mwenye miwani na viatu vya bei. Alishindana nalo asubuhi nzima ili alirudishe mfukoni. Alilikunja, likakunjuka. Alilikalia, likamrusha. Alilisemesha maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya watoto. Mwisho akaliacha juu ya jiwe, akashuka zake, akawaambia wenzake kwamba ameibiwa. Bi Pimbi alikuwa juu ya mwamba akitazama. Naye alikuwa amewatazama wasafiri wengi, asubuhi nyingi. Akawaona wanaoweza wafanyavyo, akawaona wasioweza wafanyavyo, na tofauti yao aliiona kuwa ndogo kama kile kizibo.

Bi Pimbi akashika njia. Alasiri akafika Kituo cha Matete, akalitandika godoro lake, akaanza kulipulizia. Puu! Puu! Puu! Pimbi ana kifua cha kikombe, na godoro lina tumbo la pipa. Alipuliza pumzi arobaini na tisa, akaona nyota mchana. Alipokifunga kizibo na kusema "Alhamdulillahi," kivuli kikamfunika.

— Pumzi imo?
— Imo!

Imo kweli. Kivuli kilikuwa cha Bwana Nyati. Bwana Nyati alikuwa na kifua kama lango la ngome, na mgongoni makanda mawili yaliyojaa tende, karanga, viazi vitamu na mabua ya mtama, kwani aliamini kwamba msafiri mwenye heshima hapaswi kupungukiwa. Na juu ya yote hayo, Bwana Nyati alikuwa msomi. Aliwahi kukila kitabu cha sarufi, jalada kwa jalada. Aliacha mlango mmoja tu, ule wa mwisho, unaoeleza maneno yenye maana zaidi ya moja. Huo aliutema, maana ulikuwa na gundi.

"Shikamoo, mjomba," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Godoro, mjomba."

"La nani?"

"Langu."

"Lilikuwa," akasema Bwana Nyati, akajilaza juu yake, bwata! Godoro likaguna. "Ah! Laini. Unajua, mtoto, ardhi huwaumiza zaidi wakubwa. Ninyi wadogo mna bahati, hamna cha kuumia."

"Lakini mjomba, ngozi yako nene kuliko mlango!"

"Ngozi nene, ubavu laini. Mambo haya yamo vitabuni, huwezi kuyajua."

Bi Pimbi akamkimbilia Mzee Korongo, msimamizi wa njia, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja kando ya kituo. Mguu wa pili aliuweka akiba, kwa dharura za kikazi.

"Mzee, nimenyang'anywa godoro langu!"

Mzee Korongo akakohoa. "Kanuni ya njia inasema hivi: kila alalaye atakikunja alichokilalia kwa mikono yake mwenyewe, atakitia katika mfuko wake, kabla jua halijaligusa Jiwe Jeupe lililopo kila kituo. Akishindwa, kitu hicho ni cha atakayeweza."

"Na kunyang'anya je?"

"Kanuni haisemi chochote juu ya kunyang'anya. Inasema juu ya kukunja tu."

Haki ikawa imetendeka, na Bi Pimbi akalala juu ya matete, mgongo ukimuuma, akihesabu: leo Matete, kesho Ukungu, kesho kutwa Barafu. Asipolipata godoro lake kabla ya Barafu, mapacha wa dada yake watamjua kwa jina tu.

Asubuhi Bwana Nyati akaamka kulikunja godoro. Akalikunja kwa kwato, kunja, kunja, kunja, likakunjuka, bwaa! Akalikunja kwa magoti, kunja, kunja, kunja, likakunjuka, bwaa! Akalikunja kwa kidevu, kunja, kunja, kunja. Likakunjuka likampiga kibao cha pua, bwaa!

— Pumzi imo?
— Imo!

Naam, imo, kwa sababu kizibo kilikuwa kimefungwa vilevile kama Bi Pimbi alivyokifunga jana. Lakini Bwana Nyati, kwa elimu yake, hakushughulika na vitu vidogo.

"Ewe usiye na mkia!" akanguruma. "Njoo ukunje. Nikihesabu tatu hujamaliza, pembe hii ya kulia itakuuliza."

Bi Pimbi akampa mgongo. Ikasikika fyuuuuu! Ikasikika kunja, kunja. Mara godoro limo mfukoni. Bwana Nyati hakuona kitu, kwani wakati huo kichwa chote kilikuwa ndani ya kanda, kacha, kacha, kacha, kwenye karanga.

Mzee Korongo akaja, akautazama mfuko. "Nani aliyekunja?"

"Mimi," akajibu Bwana Nyati, na karanga zikamdondoka mdomoni.

Bi Pimbi akaitazama ile pembe ya kulia, akanyamaza.

"Vyema," akasema Mzee Korongo. "Kesho, Kituo cha Ukungu, nitasimama nitazame kwa macho yangu haya. Tena kwa karibu." Akaruka akatangulia.

Sasa msomi akapatwa na wasiwasi. Njia nzima akawa anatembea na kukohoa, anatembea na kukohoa. Mwisho akasema, "Mtoto."

"Labeka, mjomba."

"Ile namna yako ya kukunja. Si kwamba siijui. Nataka nione kama wewe unaijua."

Bi Pimbi, na hapa nawaombeni mumtendee haki, alijibu ukweli mtupu. Alikuwa amechoka, na miguu inamuuma, na hakuwa na hila yoyote kichwani. Akasema:

"Mambo ni mawili tu, mjomba. Kutoa na kufunga."

"Kutoa na kufunga," akarudia Bwana Nyati.

"Kwanza unatoa. Unatoa vyote vilivyomo ndani, mpaka pasibaki kitu. Kisha unafunga. Ukishafunga, usifungue hata kidogo, mpaka liwe limeingia mfukoni. Ukifungua kabla, kazi yako yote imeharibika."

Bwana Nyati akasimama katikati ya njia. Macho yakamtoka. "Kutoa na kufunga!" akasema kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri. "Kumbe! Sadaka na saumu! Nilijua! Nililiona jana lile godoro, nikasema nafsini mwangu, kitu hiki kina mambo ya dini ndani yake."

Bi Pimbi akafungua kinywa amsahihishe.

Kisha akakifunga.

"Wewe mjomba ndiye msomi," akasema taratibu.

"Bila shaka! Mwingine angekuuliza, 'Nitoe nini? Nifunge nini?' Majahili wamejaa njiani. Mimi neno moja lanitosha." Akatua makanda yake mawili, akayatazama kama mama anavyomtazama mtoto anayekwenda bweni. "Natoa! Vyote vilivyomo ndani, pasibaki kitu. Natoa sadaka kwa maskini." Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. "Yuko wapi maskini?"

"Nipo mimi, mjomba," akasema Bi Pimbi. "Sina hata mkia."

"Pokea."

"Nimepokea. Mungu akuzidishie. Ila makanda haya ni mazito kuliko mimi."

"Nitakubebea. Sadaka ni lazima imfikie mwenyewe."

Na hivyo ndivyo Bwana Nyati alivyoupanda mlima Kirurumo: makanda mawili mgongoni, Bi Pimbi juu ya makanda, na godoro juu ya mapaja ya Bi Pimbi. Bwana Nyati amefunga. Bi Pimbi hakufunga.

Kacha, kacha, kacha.

"Nini hiyo?" akauliza Bwana Nyati.

"Karanga, mjomba. Maskini anakula sadaka."

"Sawasawa." Tumbo la Bwana Nyati likanguruma, nguruu!

Mwaa, mwaa, mwaa.

"Na hiyo?"

"Tende. Laini kweli! Ulizinunua wapi?"

"Usinisemeshe, nimefunga." Nguruu, nguruu!

Jua likatua. Enyi wenye elimu mnajua kwamba mfungaji hufungua magharibi, na kwamba kuunganisha saumu usiku na mchana wanazuoni wamekukataza. Bwana Nyati naye alikuwa amesikiasikia. Akanong'ona, "Mtoto, jua limekuchwa. Nifungue?"

"Godoro limeingia mfukoni?"

"Si limo mfukoni hivi sasa?"

"Hilo nililikunja mimi, mjomba. Tunazungumza la kesho, utakalolikunja wewe."

"Ah. Kweli. Nilikuwa nakujaribu tu."

Walipofika Kituo cha Ukungu Bi Pimbi akalipuliza godoro tena kwa ajili ya mjomba wake. Puu! Puu! Puu! Pumzi arobaini na tisa, na safari hii hakuona nyota, maana alikuwa ameshiba. Kisha akakikaza kizibo. Akakikaza tena. Akakikaza mara ya tatu, kwa mapenzi.

— Pumzi imo?
— Imo!

Asubuhi ukungu ukapasuka, na Mzee Korongo alikuwa amekwisha simama, mguu mmoja, shingo imenyooka kuelekea Jiwe Jeupe la hapo. "Bwana Nyati, mbele ya macho yangu. Kunja."

Bwana Nyati akasogea. Macho yamemwingia ndani, midomo imemkauka. Lakini alikuwa na yakini. Alikuwa ametoa. Alikuwa amefunga. Kilichobaki kilikuwa godoro litimize upande wake.

Akalikunja kwa kwato, kunja, kunja, kunja; likakunjuka, bwaa!

Akalikunja kwa magoti, kunja, kunja, kunja, likakunjuka, bwaa!

"Nimetoa!" akalipigia godoro kelele. "Nimefunga! Unataka nini tena?"

"Labda nia haikuwa safi, mjomba," akasema Bi Pimbi.

Jua likashuka mwambani. Likabaki dhiraa tatu lifike Jiwe Jeupe. Likabaki mbili. Bwana Nyati akapandwa na ghadhabu, akainamisha kichwa, akalikabili godoro kwa pembe.

Hapo Bi Pimbi kicheko kikamkauka. Ile pembe ya kulia ilikuwa imebakiza unene wa ukucha igonge kitambaa. Tundu moja tu, dogo kama la sindano, na Kituo cha Barafu kingemlaza usingizi ule wa utulivu mkubwa. Arobaini ya mapacha ingesomwa pamoja na hitima ya mama yao mdogo.

"Mjomba!" akapiga kelele. "Mwenye saumu hapigani!"

Pembe ikasimama.

"Eti nini?"

"Mwenye saumu akighadhibika, husema 'Mimi nimefunga,' akakaa chini."

Bwana Nyati akatweta. Alikuwa amefika mbali mno katika uchamungu asiweze kurudi nyuma mbele ya shahidi. "Mimi nimefunga," akasema kwa meno yaliyoumana, akakaa chini. Akakaa juu ya godoro. Akakaa kwa uzito wake wote na kwa ghadhabu yake yote.

Na pumzi arobaini na tisa za Bi Pimbi, zilizokazwa mara tatu, hazikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa juu.

Bwaa!

Bwana Nyati akapaa. Kwa muda mfupi alikuwa juu ya Mzee Korongo, cheo ambacho alikuwa akikitamani siku nyingi. Kisha akateremka bondeni, pindu, pindu, pindu, mpaka kwenye tope la kijito, chubwi!

Jua likaligusa Jiwe Jeupe.

"Ameshindwa," akasema Mzee Korongo, bila furaha wala huzuni. "Yupo awezaye?"

Bi Pimbi akatembea polepole. Hakuna haraka kwa mtu aliyeshiba. Akakishika kizibo kwa vidole viwili, akakifungua.

Fyuuuuuuuuu!

— Pumzi imo?
— Imetoka!

Imetoka. Akaanza upande wa miguuni, akawa anakunja kuelekea kwenye kizibo, akikandamiza kwa magoti, na kila mkunjo ukiisukuma pumzi mbele yake. Alipofika mwisho akakifunga kizibo, godoro lisije likavuta hewa ya watu. Akalitia mfukoni. Muda aliotumia ni ule wa mtu kusoma Fatiha bila kuharakisha.

Bwana Nyati akapanda kutoka bondeni, tope mpaka masikioni. Alikuwa ameona.

"Ki... kizibo?"

"Kizibo, mjomba."

"Kutoa..."

"Pumzi."

"Na kufunga..."

"Kizibo. Nilikwambia, unatoa vyote vilivyomo ndani, kisha unafunga. Kuna neno nililokudanganya?"

"Nilifunga tumbo!"

"Hilo ni baina yako na Mola wako, mimi siingilii. Thawabu haipotei."

Bwana Nyati akamgeukia msimamizi wa njia. "Mzee! Chakula changu! Nimekaa na njaa mchana kutwa na usiku kucha!"

"Ulikitoa?" akauliza Mzee Korongo.

"Nilikitoa."

"Kwa sadaka?"

"Kwa... kwa sadaka."

"Kanuni haisemi chochote juu ya njaa," akasema Mzee Korongo, akabadilisha mguu. "Inasema juu ya kukunja tu."

Bi Pimbi akajaza kanda dogo la kumtosha njia, na makanda mawili akamwachia Mzee Korongo awagawie wapita njia wasio na chakula. Bwana Nyati akatokwa na mate, akasogea kujipanga foleni. Lakini akakumbuka kwamba mtoaji hali sadaka yake mwenyewe. Mara hiyo, kwa bahati mbaya, elimu yake ilikuwa sahihi.

Bi Pimbi akamwonea huruma. Akachagua tende moja, iliyo kavu kidogo, akamwekea juu ya kwato.

"Futari hiyo, mjomba. Anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu kama za mfungaji, na yeye hazipunguki. Kwa hiyo hata saumu yako tumefunga pamoja." Akaweka mfuko mgongoni. "Shikamoo."

Bwana Nyati alikuwa anatafuna kokwa.

Usiku wa Barafu Bi Pimbi akalala juu ya pumzi zake mwenyewe, na jiwe likafyonza hewa. Asubuhi akaamka, jambo ambalo si dogo. Akatoa, akafunga, akashuka ng'ambo. Akafika siku yenyewe ya arobaini, ubani unafuka, na mapacha wakalichezea godoro lile mpaka wakalala juu yake wote wawili.

Bwana Nyati alishuka kwao. Alipoulizwa mbona amekonda, alisema alipanda mlimani kwa itikafu. Wakamheshimu sana. Ila mpaka leo, nyati akiona kitu kilichotuna, hukisogelea, hukinusa huku na huku na kutoa pumzi puani, fuu! fuu! Wajinga hudhani ana hasira. Anatafuta kizibo.

Na funzo la hadithi hii, enyi wasikilizaji wangu, ni hili: mkubwa akifundishwa kazi na mdogo, asimwulize maana ya neno hata kidogo. Kuuliza ni aibu kubwa, na njaa ni jambo la kupita. Kadhalika, kitabu kikiwa na gundi, mlango huo rukeni. Hautakuwa na lolote.

Hadithi nimeitoa pumzi, nimeikunja, nimeifunga, nimeitia mfukoni. Ikiwakalia laini nendeni nayo mkailalie. Ikiwarusha nirudishieni, nitaitafutia kizibo chake mwenyewe.